Siku Nne Katika Visiwa vya Ukerewe



Sisi wenyeji wa Tarime na Serengeti tu watu wa vilima na mbuga. Twajua ng'ombe, twajua mahindi na mtama, twajua baridi ya asubuhi ya Nyamwaga na vumbi la njia ya Mugumu. Lakini walio wengi kwetu hawajui maji ila yale ya mtoni. Kwa sababu hiyo, tulipopata siku nne za mapumziko katika sikukuu ya Pasaka iliyopita, rafiki wanane twaliazimu kwenda kuviona visiwa vya Ziwa Victoria, tupumzike mchangani, tule samaki, kisha turudi kwetu. Nawaandikieni habari za safari hiyo kwa kuwa najua wengi wenu mna nia ya kwenda, na yako mambo yapasayo kujulikana kabla mtu hajatia mguu wake katika chombo.

Twaliondoka siku ya Ijumaa, alfajiri. Watano tulitoka Tarime, na watatu walitoka Mugumu wakapitia Nata, tukapatana kuonana Bunda. Mto Mara ndio uzigawao wilaya zetu mbili, Tarime kaskazini na Serengeti kusini; nyumbu huuvuka kule mbugani, nasi wa Tarime tuliuvuka katika daraja la Kirumi, karibu na mahali uingiapo ziwani. Maji yale tuyaonayo yakipita kwetu mwaka hata mwaka, mwisho wake ni huku.

Kutoka Bunda njia yaelekea magharibi hata Kisorya, ndipo mwisho wa nchi kavu ya Mkoa wa Mara. Hapo pana kivuko kiendacho Rugezi, ng'ambo ya mlango mwembamba wa maji. Hata ajaye na gari huvuka nalo. Safari ya majini ni fupi mno, lakini mmoja wetu, mtu wa Nyamongo ambaye haogopi kushuka chini ya ardhi kutafuta dhahabu, alishika chuma cha kivuko kwa mikono miwili toka mwanzo hata mwisho, wala hakusema neno. Jioni tulifika Nansio, mji mkuu wa wilaya.

Ukerewe ni kisiwa kikubwa kuliko vyote katika ziwa hili, na wilaya yake huhesabiwa visiwa 38. Mashamba ya mihogo, mipunga, michungwa na miembe yamesongamana, na katikati yake yamesimama mawe makubwa yaliyopangana kana kwamba yamewekwa kwa mkono. Usiku tuliona taa za wavuvi wa dagaa juu ya maji, nyingi kama mji mwingine uliojengwa ziwani.

Jumamosi asubuhi tulikwenda kwenye msitu wa Rubya, ambao miti yake yashuka hata karibu na mchanga. Hapo tulikaa kivulini, tukala sato wa kuchoma kwa ugali wa muhogo, na vijana wakataka kuoga. Mwenyeji wetu alituonya kwanza. Maji yaliyotulia penye matete hukaa konokono wadogo, nao hutoa vijidudu vya kichocho ambavyo hupenya katika ngozi ya mtu bila yeye kuhisi, vikaingia katika damu, na baadaye vikadhuru matumbo na ini. Watu wa visiwa hivi wamesumbuliwa sana na maradhi hayo. Basi vijana wakacheza mpira mchangani. Mmoja aliyeoga aliambiwa asisahau, baada ya majuma kadhaa, kwenda kupimwa hospitalini, maana dawa yake ipo nayo huponya.

Alasiri tulifika Kagunguli, kwenye misheni ya zamani. Hapo ndipo lilipo jina la Aniceti Kitereza, Mkerewe aliyezaliwa mwaka 1896. Mzee huyu alimaliza mwaka 1945 kitabu kikubwa katika lugha ya Kikerewe, habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, mume na mke waliokosa mtoto siku nyingi wala wasiachane. Hakikupata kupigwa chapa mpaka yeye mwenyewe alipokifasiri kwa Kiswahili, kikatoka mwaka 1980. Naye alifariki mwaka 1981. Atakaye kujua Wakerewe wa kale walilimaje, walivuaje na walipokeaje wageni, na asome humo.

Jumapili, baada ya kusali pamoja na wenyeji, tulikwenda Bugorora, kwenye mwalo wa vyombo viendavyo kisiwa cha Ukara. Mwalo ulijaa watu wa sikukuu. Mtumbwi mkubwa wa mashine ulikuwa tayari, na mwenyewe alikuwa akiita, "Bado watu wanane tu, tuondoke!" Hesabu hiyo ilikuwa sawasawa na yetu, na wawili wetu waliruka ndani mara moja.

Lakini kati yetu alikuwamo mwalimu mmoja wa kike, mwenyeji wa Serengeti, mtu mzima. Yeye alisimama ukingoni akahesabu vichwa, mmoja mmoja, hata akafika 43. Tena palikuwa na magunia ya mahindi, kreti za soda, kuku na baiskeli mbili. Ubao wa juu wa chombo ulikuwa umebaki kama shibiri moja juu ya maji. Akauliza maboya ya kuvaa. Akaonyeshwa manne, yamefungwa kamba chini ya magunia. Akasema, "Mimi sipandi."

Vijana wakacheka. Mmoja akamwambia, "Mwalimu, mbona akina mama wenye watoto mgongoni wamepanda, wala hawaogopi?"

Akajibu, "Mdogo wangu, wale wanakwenda kwao. Wengine wameacha wagonjwa, wengine watoto, wengine wana biashara ya kesho, na pengine nauli ya kurudi tena hawana. Sisi tunakwenda kutazama jiwe. Tukiingia wanane humo, mzigo wetu tunautwika juu yao."

Maneno hayo yalitunyamazisha. Wale wawili wakashuka. Mwenye chombo alitutukana mbele ya watu, akasema kuwa watu wa milimani ni waoga wa maji. Kisha akapata wengine, akaondoka.

Wasomaji wangu, mtumbwi ule haukuzama. Ulifika Ukara salama, na vijana wetu, walipoziona habari hizo katika simu, walianza tena kumtania mwalimu. Naye akawaambia, "Kufika kwao leo hakunionyeshi kwamba chombo kilikuwa chepesi. Kunanionyesha tu kwamba upepo ulikuwa mpole."

Tulingoja kivuko kwa saa nyingi, juani, na soda zikatuisha. Tulipopanda, tulikata tikiti, tukahesabiwa, na maboya yalikuwa wazi mahali pa kuonekana. Baada ya muda tukashuka Bwisya, katika Ukara, na hapo tukayafahamu maneno ya mwalimu kwa ukamilifu wake.

Maana Bwisya ndipo pa msiba wa Alhamisi, tarehe 20 Septemba 2018. Siku ile ilikuwa ya gulio kule Bugorora, na kivuko MV Nyerere kilikuwa kikirudi Ukara na watu na mizigo yao. Kivuko kile kilichukua jina la Mwalimu wetu wa Butiama, nacho kilikuwa kimeanza kazi mwaka 2004. Kiliruhusiwa kuchukua abiria 101. Siku ile kilichukua zaidi ya mara mbili ya hesabu hiyo, kikapinduka kikiwa karibu sana na gati, watu wa nchi kavu wakitazama. Waliokufa walikuwa 228, na waliopona 41. Fundi mmoja wa mitambo aliokolewa akiwa hai ndani ya chombo kilichopinduka, baada ya siku mbili. Baadhi ya waliokufa wamezikwa hapo hapo Bwisya, nasi tulisimama makaburini kimya. Yule kijana wa Nyamongo alivua kofia yake. Hakuna aliyemtania mwalimu tena.

Kivuko kile kilikwenda na kurudi miaka kumi na minne, na watu wakazoea. Hali kadhalika meli MV Bukoba, iliyozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, ikapoteza mamia ya watu. Nayo pia ilikuwa imezidisha. Wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake. Lakini hata wayafikao kila siku yawezekana wakasahau.

Jumatatu asubuhi na mapema tulipelekwa kwenye jiwe la Ukara, ambalo wenyeji huliita jiwe linalocheza. Ni jiwe kubwa lililokaa juu ya jingine, na wazee wake husema kuwa hutikisika wakiliomba. Lakini sisi wafugaji tulistaajabia zaidi kilimo chao. Ardhi ya Ukara ni ndogo na watu ni wengi. Kwa hiyo Wakara wamejulikana tangu zamani kwa kuwafungia ng'ombe nyumbani, kuwakatia majani, na kukusanya samadi yote kwa ajili ya shamba. Mzee mmoja wa Tarime katika kundi letu, ambaye ng'ombe wake huzunguka vilima kutwa, alikaa akiuliza maswali hata tukamwita mara tatu.

Tulirudi kwa kivuko, tukafika Kisorya mchana, na Bunda tukaagana. Kila mtu alifika kwake usiku.

Basi kwa ninyi mtakaokwenda, nasema hivi. Kwanza, wekeni siku moja ya ziada katika safari yenu, maana mtu mwenye haraka hupanda chombo chochote. Pili, hesabuni watu kabla ya kupanda, na ombeni maboya mkiwa bado nchi kavu. Tatu, msiogee penye matete. Nne, mkiona chombo kimejaa, shukeni, hata kama mmekwisha kulipa, na waacheni wenye kwenda kwao wapate nafasi ya kukaa. Mgeni wa sikukuu anaweza kungoja. Hiyo ndiyo tofauti yake na mwenye safari ya lazima.

Sato wa Ukerewe ni mtamu, na mchanga wake ni mzuri. Nendeni mkauone.