Picha za Bi Harusi Zinakaa Folda Gani?



Mkija kupimwa mnauliza bei, mnauliza gauni litakuwa tayari lini, mnauliza kama lesi iliyobaki mtapewa. Juzi bi harusi mmoja kauliza jambo ambalo tungefurahi kila mmoja wenu aliulize: "Dada, hizi picha mnazonipiga nikijaribu gauni, mnaziweka wapi?" Kumjibu "kwenye kompyuta" si kumjibu. Basi leo tuliseme vizuri.

Sisi ni mafundi cherehani. Mambo ya seva tumejifunza kwa haja, usiku, baada ya kufunga duka. Tovuti yetu imo ndani ya kompyuta ya kukodi isiyozimwa usiku wala mchana, nayo inatumia Linux kama zilivyo seva nyingi za tovuti duniani. Ukiingia ndani huoni maajabu. Ni folda, na folda ndani ya folda, na faili humo, kama kabati la vitambaa. Ila ipo folda moja, kwenye seva nyingi za kukodi inaitwa public_html, na hiyo ndiyo baraza ya nyumba. Ukiweka kitu pale, umekiweka barazani, mpita njia anakiona. Kilicho nje ya folda hiyo kimo chumbani.

Wengi wanadhani picha isiyooneshwa kwenye ukurasa wowote imefichika. Haijafichika. Ikiwa imo barazani ina anwani yake, na anayeijua anwani, au akaibahatisha, anaifungua. Na simu zetu zinaipa picha jina la tarehe na namba, kwa hiyo kubahatisha si kazi kubwa. Zaidi ya hapo, folda ikikosa ukurasa wake wa mwanzo, baadhi ya seva humtolea mgeni orodha nzima ya vilivyomo, jina kwa jina, abofye anachotaka.

Kijana aliyetutengenezea tovuti alipopata kazi kwengine alitukabidhi neno la siri. Usiku wa kwanza tuliofungua folda wenyewe tukakuta humo barazani folda inaitwa picha_zote. Na kweli zilikuwa zote. Zile walizoridhia maharusi zioneshwe, na mitandio yao, zimo. Zile za kujaribu gauni, nywele wazi na mabega wazi, zimo. Za piko za miguuni zimo. Alizirundika pamoja ili imrahisishie kuchagua. Pembeni ameacha faili moja kubwa la zip, nakala ya tovuti nzima, barazani vilevile. Na ile folda ameipa ruhusa ya 777.

Namba hizo zisikutisheni, fundi yeyote anayejua vipimo atazielewa. Tarakimu ya kwanza ni ya mwenye faili, ya pili ni ya kundi lake, ya tatu ni ya watu wengine wote. Kila tarakimu ni jumla: 4 ni kusoma, 2 ni kubadilisha, 1 ni kuendesha, na kwa folda hiyo 1 ndiyo ruhusa ya kuingia. Jumlisha zote ni 7. Kwa hiyo 777 maana yake kila mwenye akaunti kwenye mashine ile anaweza kuingia, kuongeza na kufuta. Kilichozoeleka ni 755 kwa folda na 644 kwa faili, na amri ya kuzibadilisha ni chmod.

Lakini hapa ndipo wengi wanapojidanganya. Hata ukiweka 644, picha iliyo barazani bado inatazamwa, maana seva yenyewe ina ruhusa ya kuisoma na kazi yake ni kumpa mgeni. Namba hizo zinazuia mkono wa kuharibu, hazizuii jicho. Dawa ya jicho ni kuihamisha. Tuliandika amri ya mv, tukaipeleka folda nzima nje ya public_html, tukaipa 700 ili mwenye akaunti peke yake aingie. Zip tukaishusha kwenye diski yetu, kule tukaifuta. Kisha kwenye faili la .htaccess tukaongeza mstari wa Options -Indexes, orodha isitolewe tena.

Kazi ya seva ilichukua chini ya saa moja. Simu zilichukua siku mbili. Tuliwapigia maharusi wote waliokuwamo kwenye zile picha, kwa sababu picha ni amana na mwenye amana ana haki ya kujua ilikuwa wapi. Mmoja alicheka, kasema mumewe keshaona yote. Mwengine alinyamaza mpaka tukadhani simu imekatika, halafu akataka zake zifutwe kote, pamoja na simu ya dukani. Tulizifuta.

Kwa mwenye biashara anayetaka kujaribu mwenyewe: Linux inatofautisha herufi kubwa na ndogo, Hina.jpg na hina.jpg ni faili mbili, kwa hiyo majina yote yawe madogo na bila nafasi. Amri ya rm haina pipa la taka, ukifuta umefuta, basi chukua nakala kabla. Usiitegemee robots.txt kuficha folda. Hiyo ni ombi tu kwa mitambo ya kutafutia, na kila mtu anaweza kuisoma, kwa hiyo unamwandikia mdadisi majina ya vyumba unavyovificha. Na ukitumia WordPress, kufuta makala hakufuti picha zake. Zinabaki kwenye folda ya uploads, tena kwa saizi kadhaa.

Na nyie maharusi, mpiga picha, mpambaji, fundi, msusi, wote waulizeni kabla hamjavua mtandio: picha inakaa wapi, nani anaingia, inafutwa lini. Kwetu bi harusi anachagua zinazobaki siku ya kuchukua gauni. Zilizobaki tunazifuta yeye akiwepo, skrini tumemgeuzia.