Kaole, Pangani na mabakuli ya bibi

Najua nimepotea. Testi ziligongana, bumu likachelewa, halafu likizo ikanikuta Pangani kwa bibi, ambako mtandao unaupata ukisimama chini ya mnazi mmoja tu, tena uwe na bahati. Sasa nimerudi Mlimani, nimeshiba usingizi na samaki, na nina mambo mawili ya kuwasimulia. Nikiyaangalia vizuri naona ni jambo moja.

La kwanza ni Kaole. Kabla chuo hakijafungwa, sisi sita wa korido moja tulichanga nauli, tukapanda gari la Bagamoyo Jumamosi asubuhi. Kutoka Dar ni kama kilomita 70. Mjini tulizunguka Boma la Wajerumani, tukashuka ufukweni kwa wakaanga samaki, kisha tukachukua bodaboda mpaka Kaole, kama kilomita tano kusini ya mji. Kwa wasiopajua, Kaole ni magofu: misikiti miwili ya mawe ya matumbawe, makaburi mengi, na mbuyu mkubwa ambao wenyeji wanasema ukiuzunguka unaongezewa umri. Tuliuzunguka, bila shaka! Mmoja wa misikiti ile unahesabiwa kuwa wa karne ya 13. Fikiria, miaka mia saba na zaidi, na kuta bado zimesimama.

Baadhi ya makaburi yana nguzo ndefu. Mzee aliyekuwa anatutembeza alitusimamisha kwenye moja, akanyoosha fimbo yake kwenye vishimo vya mviringo, kama mtu kabonyeza kitako cha kikombe kwenye chokaa mbichi.

"Mnaona hapa? Palikuwa na mabakuli ya Kichina."

Watu wa pwani enzi hizo walikuwa wanapachika mabakuli na sahani za kaure kutoka China kwenye makaburi ya wakubwa wao. Vyombo vilikuja na majahazi ya biashara, vikawa pambo na heshima. Kunduchi pia, hapo hapo Dar, kuna makaburi ya nguzo yaliyopambwa kwa sahani za Kichina za rangi ya buluu na nyeupe. Mwenzetu mmoja akauliza zimekwenda wapi. Mzee akacheka kidogo.

"Nyingine zilivunjika, nyingine zilibanduliwa. Aliyebandua hakuaga."

Usiku ule hosteli tukakusanya picha zote pamoja. Zilikuwa 143. Nilizihesabu kwa sababu nilikuwa nakwepa kusoma. Picha 118 zilikuwa nyuso zetu: tumesimama, tumeruka, tumekonyeza, tumevaa miwani ya mmoja wetu kwa zamu. Nyingine 24 zilikuwa za mbuyu, bahari na msosi. Ya vishimo vya mabakuli ilikuwa moja tu, nayo ilipigwa na yule rafiki yetu wa jiolojia aliyekuwa anavizia ufa kwenye nguzo. Tulicheka, tukagawana picha, tukalala. Mimi lile neno la mzee, "hakuaga", lilinigoma kichwani.

Basi, likizo ikafika, nikaenda Pangani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mke mwenzangu. Mbona umekonda hivyo? Huko chuo hawawapi kula?"

Bibi yangu mzaa mama ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Uso wako anauona kama uko nyuma ya chandarua. Sauti ndiyo anayokutambulia. Lakini ndani ya nyumba yake anatembea bila kugusa ukuta, na anajua kila kitu kilipo: kawa za ukindu za kufunikia chakula, mkeka wa rangi aliosuka mwenyewe, vitambaa vya kufuma juu ya viti, na mabakuli manne yaliyotundikwa kwenye ukuta wa sebule. Mabakuli hayo nimeyaona tangu nazaliwa. Yana maua mekundu na ya kijani na mistari ya buluu mdomoni. Kwetu hakuna anayeyalia wali. Hayo ni ya ukuta tu. Bibi anasema bakuli likipasuka lenyewe ukutani, limebeba husuda iliyokuwa inawajia wenye nyumba.

Nilichokuta safari hii ni kikao. Kuna mtu wa mjini ananunua vitu vya kale, alipita akayaona, akasema atatoa laki mbili kwa yote manne. Mjomba anataka yauzwe, pesa zisaidie operesheni ya macho. Mama hataki hata kusikia. Kila mmoja ana haki yake. Mjomba ndiye anayemshika bibi mkono kila akienda kisimani, mama ndiye aliyelelewa chini ya mabakuli yale. Walibishana mpaka chai ikapoa. Bibi alikaa kimya, anachambua mchele kwa vidole.

Mwisho akasema, "Mabakuli ni yangu, na macho ni yangu. Nipeni siku tatu."

Jamani, siku zile tatu ndizo nilizopiga picha kuliko siku zote za maisha yangu.

Nilianza na la kwanza. Nililitungua, nikalipangusa kwa kitambaa chenye maji, nikaliweka kwenye mkeka karibu na mlango wa uani. Flashi haifai kwa vitu vinavyong'aa, inaacha doa jeupe katikati ya ua lako. Mwanga wa saa kumi alasiri, unaoingia kwa ubavu mlangoni, unatosha kabisa. Kando nikaweka sarafu ya shilingi mia mbili ili mtu ajue ukubwa wake. Kisha nikaligeuza kifudifudi.

Kwenye kitako palikuwa na matundu mawili madogo ya kupitishia uzi wa kutundikia, na katikati, chini ya masizi ya miaka, muhuri: mnyama mwenye mwili wa simba na kichwa cha mtu, na maandishi Petrus Regout, Maastricht. Nikakimbilia kwenye mnazi wangu wa mtandao.

Kumbe Maastricht ni mji wa Uholanzi. Petrus Regout alianzisha viwanda vyake huko miaka ya 1830, na mabakuli ya Maastricht yalisafirishwa kwenda masoko ya mbali, Zanzibar na pwani yetu yakiwemo. Yule mnyama, Sphinx, alikuwa alama yao ya biashara, na mwaka 1899 kiwanda kikachukua jina lake kabisa. Na yale maua hayakuchorwa moja moja kwa brashi. Walikuwa wanakata sifongo kwa umbo la ua, wanachovya kwenye rangi, wanagonga kama mhuri wa mtendaji wa kijiji. Ndiyo maana ukitazama kwa karibu, ua moja limekoza na jirani yake limefifia. Mkono wa mtu ulichoka au rangi ilikuwa inaisha.

Nilirudi mbio kumwambia bibi. Akanisikiliza, akasema, "Hayo ya Uholanzi umeyajua wewe. Sasa njoo nikwambie ya hapa."

Akalichukua bakuli, akalipitisha vidole mdomoni pole pole. Akasimama kwenye pengo dogo.

"Hili alilivunja mama yako, mwaka wa vita vya Kagera. Alilitungua awekee ubuyu. Nilimchapa, kisha nikalia mimi."

La pili aliachiwa na jirani aliyehamia Unguja, akasema atalirudia, hajalirudia mpaka leo. La tatu babu alilinunua mnadani, akalileta nyumbani amelificha ndani ya kikapu cha nazi ili bibi asiulize bei. La nne lilikuwa la mama yake bibi. Alilikuta ukutani siku alipopata akili.

Nikaacha kupiga mabakuli peke yake. Nikampiga bibi ameyashika, moja moja, mikono na bakuli, dirisha nyuma. Nikapiga ukuta wote kabla hayajashuka. Nikarekodi sauti yake. Na kwa kila picha niliandika mistari miwili: hiki ni nini, kilitoka kwa nani, kiko wapi, tarehe gani. Mama alikuja kuchungulia kwa hasira, akaishia kushika taa.

Siku ya tatu yule mnunuzi alirudi. Akasema ni vyombo vya kawaida tu, vimejaa mjini. Mjomba, mtu asiyekuwa na maneno mengi, akatoa simu akamwonyesha muhuri na kumtajia Maastricht. Yule bwana alikaa kimya muda mrefu kidogo. Bei ikapanda kutoka laki mbili kwa manne mpaka laki nne na nusu kwa matatu. Matatu, kwa sababu bibi alishaamua: lile lenye pengo halitoki.

"La mama yako je?" mama akamuuliza. "Hilo ndilo zima kuliko yote."

"Ndiyo maana litapata bei," bibi akasema. "Mama yangu angependa nione njia kuliko nione bakuli. Na ukutani hatutabandua kimya kimya. Yakitoka, yaagwe."

Tukayaaga kweli. Bibi aliyashika moja moja, akayasomea Fatiha kimoyomoyo, akayakabidhi. Ukutani pamebaki alama tatu za mviringo, rangi yake ni nyeupe kuliko ukuta wote. Wakati wa Kaole nisingeziangalia mara mbili. Safari hii nilizipiga picha kabla ya kuziandikia majina.

Sasa nisikilizeni, wadau. Sisemi tuache kujipiga picha tukienda matembezi. Nyuso zetu nazo ni kumbukumbu, na siku moja tutazitafuta. Ninachosema ni kwamba picha ya matembezi inataka mahali, na picha ya pambo la nyumbani inataka mtu. Uso peke yake mbele ya gofu, miaka ishirini ijayo hutajua ni gofu gani. Bakuli peke yake juu ya mkeka ni bakuli tu, hata mnunuzi atakwambia yamejaa mjini. Ukiwaweka pamoja, mkono na chombo, jina na mahali, hapo ndipo kitu hata kikiondoka kinakuwa kimeaga. Na kigeuzeni mwone kitako. Mambo mengi yameandikwa chini.

Kwa hiyo mkienda makwenu, iwe Mbeya, Ukerewe au Temeke hapo, tafuteni ile kawa, kile kitambaa cha mama, ile sahani ya bati yenye maua kabatini. Muulizeni mwenyewe wakati bado anakumbuka. Picha mtumie na ndugu mwingine, simu huibiwa.

Bibi amefanyiwa jicho moja, la kulia. La pili tunasubiri wachange wengine. Wiki iliyopita mjomba alimwekea simu mbele, akamwonyesha picha zangu zote. Akazitazama muda mrefu, halafu wakanipigia.

"Mke mwenzangu, mabakuli yametoka vizuri," akasema. "Ila mbona hukuniambia mikono yangu imezeeka hivi?"

Haya, nina testi kesho saa mbili asubuhi na sijafungua kitu. Niombeeni. Tuko pamoja.