Mabaki ya Sufu Mlali

Mwezi wa Julai, upepo wa Mlali, wilayani Kongwa, hupenya hata kanga mbili. Tulikaa barazani na mama zetu wenyeji, kila mmoja na kikapu cha mabaki ya sufu: nyekundu, bluu, nyingine zimefumuliwa katika sweta kuukuu. Hayatoshi sweta la mtu mzima, lakini kofia ya kichanga yanatosha. Mzingo wa kichwa chake ni sentimita 35 hivi, na kichwani ndiko anakopoteza joto upesi. Aliyezaliwa kabla ya siku zake aweza kufa kwa baridi. Kofia ya kwanza tulimfumia mjukuu, ya pili wodi ya wazazi. Mama mpendwa, usitupe kipande hicho. Fuma, fua, peleka.