Nyufa za Tabora

Aliyezaliwa Handeni hakosi hadithi ya mali ya Mjerumani: sanduku lililofukiwa chini ya mbuyu, kisima kilichozibwa kwa saruji, mawe yaliyopangwa mahali pasipo na nyumba. Nimekua na hadithi hizo, na nilipohamia Korogwe kufungua meza ya kutengeneza saa hapa Manundu, zilinifuata. Fundi saa ana kitu ambacho wachimbaji hawana, lenzi ya kubana jichoni. Mtu akiokota sarafu shambani ananiletea mimi. Saa zenyewe siku hizi ni chache, simu zimezimaliza, kwa hiyo sarafu nazo zimeingia katika kazi yangu.

Wanachotaka nikitafute ni "alama". Matapeli wamewaaminisha watu kwamba sarafu ya Mjerumani yenye mstari unaokata taji, au nukta isiyo na maelezo, ni ya siri, inaelekeza mahali, na kuna mnunuzi Dar es Salaam anayeingojea na mamilioni yake. Habari ya mamilioni nilikuwa naicheka. Habari ya mstari ilinisumbua, maana mistari nilikuwa naiona kweli, tena haikufanana na mikwaruzo ya jembe.

Aliyenitoa gizani ni mzee mmoja aliyestaafu ufundi mitambo katika shamba la mkonge. Alikuja kubadilisha betri ya saa, akanikuta nimeinama.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Unachungulia nini mpaka saa yangu unaisahau?"

Nikampa. Ilikuwa heller 20 ya mwaka 1916, ya shaba ya manjano, yenye taji, herufi D.O.A. na T ndogo. Wala hakuomba lenzi. Akapitisha ukucha juu ya taji, akarudia.

"Umeusikia? Umeinuka huu. Kitu kikikwaruzwa huchimbika, hakiinuki. Iliyopasuka si sarafu, ni chuma kilichoipiga."

Yeye shambani alikuwa akichonga mihuri ya chuma ya kupigia namba kwenye zana, hivyo jambo hili kwake lilikuwa la kila siku. Sarafu hubanwa kati ya vyuma viwili vilivyochongwa kinyume. Penye shimo kwenye chuma, sarafu huota nundu. Chuma kikipata ufa, shaba inajaza ule ufa, na sarafu inatoka na uzi uliosimama. Siku ile nilirudia kutazama kila sarafu niliyokuwa nayo kwenye kopo, na zaidi ya nusu ya "alama" zikaanguka kwa ukucha tu.

Ile T ni ya Tabora. Vita vya kwanza vilipokuwa vikiendelea, meli za Waingereza zilifunga bahari na sarafu hazikuweza kuja kutoka Ujerumani, ambako zilikuwa zikipigwa Berlin kwa herufi A na Hamburg kwa herufi J. Wajerumani wakageuza karakana ya reli Tabora kuwa kiwanda cha fedha. Hapo ndipo ilipotoka ile rupia 15 ya dhahabu yenye tembo, dhahabu yake ikichimbwa Sekenke, na ndiyo inayowakosesha watu usingizi hadi leo. Mimi inayonikosesha usingizi ni hii ya shaba. Ilipigwa kwa haraka, kwa shaba ya manjano na nyekundu, pamoja na iliyotoka kwenye maganda ya mizinga. Vyuma vikachoka, vikachongwa vingine, na ndiyo maana heller 20 za mwaka ule ule mmoja zina taji kubwa na taji dogo, na ncha za herufi L kwenye neno HELLER nyingine zimechongoka na nyingine zimejikunja.

Juni 1916, wakati Waingereza wanaingia Korogwe na Handeni, Tabora ilikuwa bado mikononi mwa Wajerumani. Nadhani sarafu zake zilifika huku baadaye, kwenye vibindo vya manamba wa Unyamwezi waliokuja kukata mkonge.

Ufa ni rahisi. Kazi iko kwenye chuma kilichosuguliwa. Vyuma viwili vikigongana bila shaba katikati, kila kimoja humwachia mwenzake sura yake, na fundi huifuta kwa msasa. Msasa unaacha michirizi myembamba, iliyonyooka, inayokwenda upande mmoja, na kwenye sarafu yote inatoka imeinuka. Lakini itazame inapofika kwenye herufi: inakatika. Herufi zimezama ndani ya chuma, msasa hauzifikii. Mstari unaopanda juu ya herufi na kuendelea ng'ambo ni mkwaruzo wa mfukoni. Kusugua kukizidi, vilivyochongwa kwa kina kidogo hufutika kabisa. Marekani, mwaka 1937 huko Denver, walisugua chuma cha senti tano mpaka nyati akabaki na miguu mitatu, na wakusanyaji wanamgombania mlemavu huyo kuliko wazima.

Kulika nako kuna namna mbili. Sarafu iliyolika mikononi hupotea kwanza palipoinuka, kama nywele za mfalme. Iliyopigwa na chuma kilichochoka inaweza kuwa bado inang'aa, ila herufi zake ni nene, zimevimba na kuelekea ukingoni. Shilingi za simba na senti za tundu za Mwingereza nazitazama hivyo hivyo siku hizi, pamoja na herufi zake ndogo, H ya Birmingham au SA ya Pretoria.

Kwa hiyo sipokei tena sarafu ya kung'arisha. Limau na majivu vinaondoa michirizi yote hiyo, na mteja akiondoka na sarafu inayometameta ameondoka na kipande cha shaba. Nina daftari badala yake. Nachora ufa unapoanzia na unapoishia, kwa sababu ufa hukua: sarafu yenye ufa mfupi ilipigwa kabla ya yenye ufa mrefu, chuma kikiwa ni kile kile. Nilikuwa nimeshapata mbili za namna hiyo, moja ufa unagusa taji tu, nyingine umeshuka hadi chini ya mwaka.

Juzijuzi akaja kijana wa Sindeni na ya tatu.

"Fundi, si unaona alama?"

"Ni ufa wa chuma, ndugu yangu. Niuzie mimi, bei ya haki."

"Jamaa wa Mkata kasema milioni kumi na mbili."

Nikamwomba basi niichore. Akakubali, akasimama akiniangalia asije akaibiwa, kisha akaenda zake stendi kutafuta gari la Mkata. Ufa wake unapita kwenye taji na kuishia kwenye tarakimu ya 9. Nimeuchora kati ya ule wa kwanza na ule mrefu.