Kosa Langu kwa Mtunza Bustani



Juma hili napenda kuwasimulia kosa langu. Paka wetu wa hapa parokiani alianza kuburuta mguu mmoja wa nyuma. Baada ya siku chache, yote miwili. Nami, bila kuuliza lolote, nikamwambia kijana atunzaye bustani: “Umempiga.” Alikana kwa machozi. Sikumsadiki.

Daktari wa mifugo hakuwa na haraka kama mimi. Kwanza alizishika nyayo za nyuma: zilikuwa na joto, na mapigo ya damu mapajani yalisikika. Basi haikuwa damu iliyoganda na kuziba mshipa mkuu, maana hiyo humpoozesha paka ghafla na kuziacha nyayo zikiwa baridi. Kisha akaupindua unyayo mmoja juu chini. Paka mzima huurudisha mara moja. Wetu aliuacha vivyo hivyo, kana kwamba si wake. Picha ya eksirei haikuonyesha mfupa uliovunjika.

“Eksirei huonyesha mifupa,” akasema. “Nadhani tatizo limo ndani ya uti wa mgongo, penye mishipa ya fahamu.” Alinieleza kwamba uvimbe wa mahali pale ni nadra kwa paka, na kwamba unaoonekana zaidi ni limfoma, saratani ambayo mara nyingi hufuatana na virusi vya lukemia ya paka. Damu ilipimwa, virusi havikuonekana. Kipimo cha MRI hatukuweza kukipata. Dawa za steroidi zilimpa nafuu ya majuma mawili. Aliposhindwa kukojoa, na vidole vilipofinywa asihisi kitu, tulikubali achomwe sindano ya kumpumzisha.

Jina la ugonjwa lilijulikana baadaye tu, kipande cha uvimbe kilipochunguzwa kwa hadubini: glioma, uvimbe utokao katika seli zinazotegemeza mishipa ya fahamu. Hakuna fimbo wala jiwe lililouleta.

Nilimwendea kijana yule bustanini. “Mwanangu, nisamehe. Nilikuhukumu bure.”

“Yamekwisha, Baba,” akajibu. “Lakini mimi ndiye niliyekuwa nikimlisha.”

Hilo nalo sikulijua. Daktari alipima, akapima tena, wala hakutamka jina la ugonjwa hadi mwisho. Mimi nilikwisha kutamka jina la mkosaji siku ya kwanza.