Injinia na Boila Lililogoma

Naomba nianze na aibu yangu, mengine yafuate. Mimi nasomea uhandisi, tena upande wa uwakaji wa gesi. Kule kwetu Lushoto mama akinitambulisha kwa wageni hataji jina, husema tu "huyu ndiye injinia wetu wa moto." Sasa huyo injinia wa moto, usiku wa Jumamosi tarehe 10 Desemba 2022, alishindwa kuwasha boila la jikoni kwake, hapa Sheffield.

Tarehe naikumbuka kwa sababu ya mpira. Mchana Moroko waliwafunga Ureno 1-0, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia, na sisi nyumba nzima tukaimba mpaka sauti zikatukauka. Usiku Harry Kane akapaisha penalti, Uingereza ikatolewa na Ufaransa, mtaa wote ukanyamaza. Ni katika kimya kile ndipo tulipogundua kuwa redieta zimepoa.

Nilikuwa nimepanga pamoja na rafiki yangu, Mkenya wa Limuru, na mkewe. Shemeji alikuwa ametoka hospitali na mtoto wa siku tisa. Nje barafu ilikuwa haijayeyuka kwa siku kadhaa.

"Sasa Injinia," rafiki yangu akasema, "si hiyo ndiyo kazi yako?"

Nikaanza na yaliyo rahisi. Mita yetu ya gesi ilikuwa ya kulipia kabla, kama LUKU ya nyumbani. Nikaikuta bado ina pesa. Jiko la gesi likawaka, kwa hiyo gesi ipo. Taa za boila zinawaka, kwa hiyo umeme upo. Geji ya maji inasoma baa 1.2, na maji yakiwa ya baridi hutakiwa iwe kati ya 1 na 1.5, basi na hapo salama. Nikabonyeza kitufe cha kuanza upya, nikatega sikio.

Hapa niwieni radhi, ni kazi yangu na naipenda. Boila la siku hizi haliweki moto mdogo ukingojea ndani kama yale ya zamani. Feni huzunguka kwanza kusukuma nje gesi yoyote iliyobaki. Kisha cheche, tiki tiki tiki, valvu inafunguka na moto unatakiwa ushike. Ndani ya muali kuna kijiti cha chuma. Muali una chembe zenye chaji, kwa hiyo hupitisha umeme kidogo mno, na mtambo ukiuona umeme huo unajua moto upo. Usipouona kwa sekunde chache, unafunga gesi. Ukijaribu mara kadhaa ukashindwa, unajifunga na kukuandikia namba ya kosa, halafu ubembeleze utakavyo.

Letu lilizungusha feni, likapiga tiki tiki, kisha ikatoka sauti bulubulubulu, kama mzee anayevuta kiko cha maji. Halafu kimya. Namba ya kosa.

Sauti ile peke yake ingetosha kunieleza. Lakini kiburi, jamani! Nikachukua bisibisi. Nilikuwa nimeshalegeza skrubu ya kwanza ya mfuniko wa mbele nilipomwona shemeji mlangoni, mtoto kifuani ndani ya koti.

"Kaka, umeshawahi kufungua moja ya hizi?"

"Hizi zenyewe, bado."

"Basi usianzie kwa mwanangu."

Nikaikaza ile skrubu pale pale. Na alikuwa na haki. Hapa Uingereza fundi wa gesi lazima awe kwenye Gas Safe Register, orodha iliyochukua nafasi ya CORGI mwaka 2009, na humo hawaulizi una shahada ngapi. Isitoshe, kwenye maboila mengi mfuniko ule ndio unaozuia moshi usiingie ndani. Ukiurudisha vibaya umeharibu kubwa kuliko ulilokuja kutengeneza. Mimi haya nilikuwa nayajua. Ndiyo aibu yenyewe.

Tukampigia wakala wa mwenye nyumba: fundi Jumanne. Jumanne! Na ndiyo kwanza Jumamosi usiku.

Rafiki yangu akatoka uani, akarudi na trei la mkaa, lile la kuchomea nyama mara moja na kutupa, lililobaki tangu kiangazi. "Tuiwashe nje, ikishika vizuri tuingize kwa room. Limuru tumelala hivyo miaka yote."

Hapo sikucheka. Na kwetu Lushoto tumelala hivyo, mwezi wa sita na wa saba ukungu unaposhuka. Nilikuwa darasa la tano jirani zetu walipoingiza jiko chumbani, wakafunga dirisha. Asubuhi mama yao alitolewa akiwa hai. Watoto wawili, hapana. Mmoja nilikuwa nakaa naye dawati moja.

Nikamweleza. Kwamba mkaa ukishakuwa mwekundu na moshi umeisha, ndipo watu hudhani ni salama, kumbe bado unatoa kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, na inashika damu kwa nguvu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni. Ukutani kulikuwa na kingora chake, maana tangu Oktoba ile sheria ilimlazimu mwenye nyumba akiweke. Pengine kingelia. Lakini utamjaribia mtoto wa siku tisa? Akaliweka trei chini bila kunijibu, akaenda kumshika mwanawe.

Ndipo akili ikarudi kwenye ile bulubulu. Kilo moja ya methani ikiungua hutoa zaidi ya kilo mbili za maji, kama mvuke. Boila la aina yetu hupoza ule moshi ili kuvuna joto la mvuke, na maji yake hutoka kwa bomba jembamba la plastiki lililopita ukutani hadi nje. Nje, kwenye barafu! Bomba likiganda, maji yanarudi ndani, na boila linakataa kuwaka. Kuligusa bomba hilo kwa nje hakuhitaji kusajiliwa popote.

Nikatoka na tochi. Kwenye kona lilikuwa gumu kama mfupa. Shemeji akachemsha maji, tukayachanganya na ya baridi, maana ya moto sana yangelipasua. Nikawa namwaga kidogo kidogo, huku rafiki yangu amelikumbatia bomba kwa chupa ya maji ya moto ya mtoto. Nusu saa hivi. Vidole vyangu sikuvisikia tena. Mara ndani ya bomba kitu kikateleza, maji yakaanza kuchuruzika.

Kitufe. Feni. Tiki tiki tiki. Vuuu!

Fundi alikuja Jumanne kama walivyosema, akaweka bomba nene zaidi na kulivisha sponji. Akaniuliza nasomea nini. Nikamwambia umeme.

Lile trei la mkaa tulilichomea mishikaki mwezi wa Juni, uani.