Kura 312 na Fomu 34A

Wakenya wa Minnesota tuna jambo ambalo wenzetu wa Dallas na Atlanta hawajalionja: tumewahi kukaa miezi minane bila kujua nani ameshinda kiti cha useneta, na hakuna duka lililofungwa. Ilikuwa Novemba 2008, Norm Coleman dhidi ya Al Franken. Kura zilizopigwa zilikaribia milioni 2.9. Hesabu ya awali ilimweka Coleman mbele kwa kura 215. Ziliporudiwa kuhesabiwa kwa mkono, Franken akawa mbele kwa 225. Kesi nazo zilipokwisha, ushindi wake ukafika kura 312, akaapishwa Julai 2009.

Mimi nilikuwa mgeni Brooklyn Park, hukuhuku Minnesota. Januari ya mwaka huohuo nilikuwa bado Nakuru, na anayeijua Nakuru ya Januari ile hahitaji kusimuliwa. Samuel Kivuitu, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi ya Kenya, alikuwa amemtangaza Mwai Kibaki mshindi wa urais, na kabla mambo hayajatulia watu zaidi ya 1,100 walikuwa wameuawa nchini. Baadaye Tume ya Kriegler ilichunguza hesabu zile, ikasema haiwezekani kujua nani hasa alishinda. Kwa hiyo niliposikia kazini kwamba matokeo ya Minnesota yanabishaniwa, nikanunua unga wa mwezi mzima na kujaza gari mafuta. Mwenzangu wa zamu, mama wa Kimarekani, alicheka mpaka akakaa chini.

Sheria ya huku wakati ule ilisema tofauti ikiwa chini ya nusu ya asilimia moja, kura zihesabiwe upya kwa mkono. Maofisa wakaketi mezani, mawakala wa pande zote mbili wakichungulia begani. Karatasi zilizozua ubishi zikapelekwa kwa jopo la watu watano, Mark Ritchie aliyesimamia uchaguzi wa jimbo pamoja na majaji wanne, nao wakaziamua moja moja huku kamera zikirusha moja kwa moja. Kuna mpiga kura aliyeweka alama kwa Franken, kisha akajiandikia mgombea wake mwenyewe: "Lizard People", yaani Watu Mijusi. Gazeti likachapisha picha za karatasi kama hizo ili wasomaji nao wajifanye majaji. Watu Mijusi walibishaniwa kantini kwetu wiki nzima. Jopo liliikataa kura ile kwa sababu alama zilikuwa mbili.

Lakini lililonishangaza zaidi ni bahasha. Kituo kimoja cha Minneapolis kilipoteza bahasha yenye kura 133, na haikupatikana. Jopo likaamua kutumia hesabu ya mashine ya usiku wa uchaguzi. Hebu fikiria bahasha ya namna hiyo ipotee kwetu, tena kutoka ngome ya mgombea mmoja. Huku yalikuwa malalamiko na mawakili, basi.

Wapo ndugu zetu wanaosimulia kisa hiki kama ushahidi kwamba Wazungu wanajua kuhesabu na sisi hatujui. Siungani nao. Marekani haina tume ya taifa ya kutangaza rais. Kila jimbo lina taratibu zake, na usiku wa uchaguzi watu hungoja televisheni iwaambie. Kenya mwaka 2022 ilianika mtandaoni fomu 34A, yaani fomu za matokeo ya urais za kila kituo, za vituo zaidi ya 46,000, mbele ya ulimwengu mzima. Nikiwa jikoni kwangu niliifungua ya shule ya msingi niliyosomea: mwandiko wa msimamizi wa kituo, muhuri uliopigwa upande, sahihi za mawakala zikigombania nafasi chini. Mama akapiga simu.

"Umeiona fomu ya kwetu?"

"Nimeiona, Mama."

"Na sahihi ya mwisho umeitambua? Ni yule kijana wa kwa Mwalimu, aliyekuwa akikupiga darasa la nne. Sasa ni wakala."

Mwaka 2017 upinzani ulipiga kelele seva za tume ya uchaguzi zifunguliwe. Sasa karatasi zenyewe zilikuwa wazi, na bado hatukulala. Vituo vya televisheni vya Nairobi vilizijumlisha kila kimoja kwa mpangilio wake, kwa hiyo huku Ruto yuko mbele, kule Raila, ilhali fomu ni zilezile. Tarehe 15 Agosti, mwenyekiti wa tume hiyo, Wafula Chebukati, akatangaza pale ukumbi wa Bomas, Nairobi: William Ruto 7,176,141, Raila Odinga 6,942,930. Makamishna wanne wa tume wakayakana matokeo. Kesho yake wakaeleza kwamba asilimia zote zikijumlishwa zinafika 100.01, na kwamba hiyo 0.01 ni kura kama 142,000. Piga hesabu mwenyewe: kura halali zilikuwa milioni 14.2, kwa hiyo ni kama 1,420, na hata hizo zinatokana tu na kukadiria desimali. Katika kikundi chetu cha WhatsApp madai yale yalisambazwa na watu wenye digrii za uhasibu.

Hapo ndipo nilipoacha kuamini kwamba uwazi wa karatasi unatosha. Coleman alipoteza kiti, lakini barabara za waliompigia kura ziliendelea kuondolewa theluji, na hakuna mwalimu aliyehofia kazi yake. Kwetu anayeshindwa huona miaka mitano ya barabara, vyeo na zabuni ikienda kwa wengine, kwa hiyo hesabu ikiwa sahihi bado ina uchungu. Huku nako, hofu ya kushindwa ilipopandishwa vya kutosha, tuliona Januari 6, 2021, watu wakivunja madirisha ya Bunge la Marekani. Na sijasikia mahakama ya Marekani iliyothubutu kufuta uchaguzi wa rais, kama Jaji Mkuu David Maraga na wenzake walivyofanya Kenya Septemba 2017.

Sisi wa ughaibuni tuna mdomo mkubwa kuliko kura. Mwaka 2022 vituo vya Wakenya huku vilikuwa Washington, New York na Los Angeles. Kutoka Minnesota ni ndege, hoteli na likizo ya kazi, ndiyo maana wengi wetu tulipigia kura kwenye simu, kwa makelele.

Minnesota ilikaa nusu mwaka na seneta mmoja badala ya wawili, ikaonekana ni aibu. Kwetu Kenya, mbunge wa Banissa, kule Mandera, alifariki Machi 2023, wakati tume ya uchaguzi haina kamishna hata mmoja: waliokuwa wamegawanyika Bomas walikuwa wamejiuzulu, wameondolewa au muda wao umekwisha, na wapya hawakuapishwa hadi Julai 2025. Watu wa Banissa walipiga kura ya kujaza kiti hicho Novemba 27, 2025. Katika kikundi chetu, muda huo wote, sikumbuki mtu aliyewauliza hali.